Ndege ya Kindu: usiulize inafika saa ngapi

Mkuu uliyeuliza kuhusu Kindu, ule mji wa mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo ya Kinshasa, umesema unakwenda kwa kazi ya visima, utashukia Kinshasa kwanza, na unataka kujua kama ukitoka Kindu unaweza kuunganisha ndege ya kurudi Dar siku hiyohiyo, na kama kuna njia nyingine isiyo ya ndege. Nimefanya kazi Maniema na benchi za uwanja ule nazijua vizuri. Jibu ni hapana, usithubutu. Acha angalau siku mbili katikati. Mwajiri akilalamikia gharama ya hoteli Kinshasa, mkumbushe bei ya tiketi ya kimataifa iliyoungua.

Shida siyo uwanja wenyewe. Ni mdogo, una watu wachache wanaofahamiana, na ukizoea utaupenda kuliko purukushani za Kinshasa. Shida ni kwamba ndege inayokuja kukuchukua haikulala pale. Imetoka Kinshasa asubuhi, pengine imepitia mji mwingine njiani, ikifika inashusha, inapakia na kugeuza. Ikipata hitilafu huko ilikotoka, nyie wa Kindu mtakaa. Kwa hiyo usimuulize mtu wa kampuni ndege inafika saa ngapi, maana atakusomea saa iliyoandikwa kwenye tiketi, tena kwa adabu kabisa. Muulize hivi: "Imesharuka Kinshasa?" Hapo atalazimika kupiga simu.

Watu wa kuwatazama zaidi ni wapakiaji mizigo. Riziki yao inategemea ndege kutua, kwa hiyo habari huwafikia mapema. Ukiona wamelala kivulini, na wewe tafuta kivuli. Ukiona wameanza kusogeza mikokoteni, nenda kasimame kwenye foleni hata kama hakuna aliyetangaza chochote. Na mvua ikipiga bati hutasikia tangazo hata likitolewa.

Halafu kuna saa. Kongo ina majira mawili: Kindu iko saa moja mbele ya Kinshasa, na Dar iko saa moja mbele ya Kindu. Mtu wa Kinshasa akikwambia wanaruka saa mbili asubuhi, kwako Kindu hiyo ni saa tatu. Nimeona watu wazima wakigombana na karani kwa jambo hili tu.

Hali ya hewa ndiyo bosi wa kila mtu. Kindu iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, ndani ya msitu wa Kongo, na mto Lualaba unapita mjini. Alfajiri ukungu huweza kulala mtoni mpaka jua lipande, na alasiri mawingu ya radi yanajijenga juu ya miti. Nafasi nzuri ni kati ya hapo. Usifikirie vifaa vya uwanja mkubwa. Rubani anahitaji kuuona uwanja kwa macho yake, na jua likizama saa kumi na mbili na kitu, basi tena. Binafsi ikifika saa kumi jioni bila habari ya ndege kuruka, nilikuwa naanza kuulizia chakula cha usiku. Na rubani akikataa kutua au akigeuza, usiungane na wanaopiga kelele. Tarehe 8 Julai 2011 Boeing 727 iliyotoka Kinshasa ilianguka ikijaribu kutua Kisangani kwenye hali mbaya ya hewa, wakafa watu zaidi ya 70. Wenyeji wa mikoa ile hawajasahau.

Mizigo: utapimwa begi, begi la mkononi, na kwenye ndege ndogo utapimwa na wewe mwenyewe. Usione aibu, ni hesabu ya mafuta na uzito. Ikizidi, begi lako linaweza kubaki "lije na ndege ijayo", na ndege ijayo inaweza kuwa baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo dawa, nyaraka, chaja, nguo ya kubadili na kile kifaa cha kazi ambacho bila hicho huwezi kuanza, vyote vikae mkononi. Tazama pia lebo inayofungwa kwenye begi: Kindu ni KND, Kinshasa ni FIH, Kisangani ni FKI. Zile mbili za mwisho zikiandikwa kwa mkono na mtu mwenye haraka zinafanana mno.

Wakati wa kurudi utapata marafiki wengi wa ghafla wenye vifurushi vya kupeleka Kinshasa. Mchele wa Maniema ni mzuri, ukipenda nunua wa kwako. Mafuta ya mawese kwenye dumu huvuja, wengi hukataliwa nayo. Nyama ya porini iliyokaushwa usiiguse, huwezi kujua ni ya mnyama gani. Na usibebe furushi la mtu usilolifungua: mkoa ule una dhahabu na madini ya bati, mji wa Kalima unajulikana kwa hilo tangu enzi za Wabelgiji, na jiwe dogo kwenye begi lako litakuwa na maelezo marefu. Wanyama hai sizungumzii. Mwaka 2010 ndege ndogo ilianguka Bandundu, watu 20 wakafa na akanusurika mmoja, na ilielezwa kwamba mamba aliyefichwa kwenye begi alitoka, abiria wakakimbilia mbele, ndege ikapoteza mizani.

Makaratasi: hata kwa safari ya ndani, mgeni huandikishwa na watu wa uhamiaji anapoingia na anapotoka. Beba pasipoti, nakala zake kadhaa, na barua ya kazi yenye mhuri. Wenyewe wanaiita ordre de mission, na mhuri una uzito kuliko maneno. Cheti cha homa ya manjano ni lazima. Afisa akisema chako kimekwisha kwa kuwa kimepita miaka 10, mweleze taratibu kwamba tangu Julai 2016 chanjo hiyo inatambuliwa kwa maisha yote. Usipige picha uwanjani, hata ya mawingu. Kuna ada ya uwanja wa ndege inayolipwa na abiria, inaitwa Go-Pass. Wakati wangu ilikuwa dola 10 kwa safari za ndani. Noti ya dola iliyochanika hata ncha tu haipokelewi na mtu, kwa hiyo chagua noti zako ukiwa bado Dar.

Lugha isikutishe. Fomu ni za Kifaransa ila Kindu ni mji wa Waswahili. Kasongo na Nyangwe, miji ya akina Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, ziko mkoa huohuo, na Kiswahili kilibaki. Salimia kwanza, ulizia watu wa nyumbani, ndipo uulize la ndege. Kwa mama wanaouza karanga na maandazi nje utapata habari nyingi kuliko kaunta.

Kuhusu njia mbadala uliyoulizia: ipo, lakini siyo ya mtu mwenye ratiba. Unashuka Lualaba kwa boti hadi Ubundu, halafu kilomita 125 hivi za nchi kavu kuzunguka maporomoko ya Boyoma hadi Kisangani. Reli ya kusini ipo pia, ila usiihesabu kwenye mipango yako.

La mwisho ni la nyumba ya wageni. Asubuhi ya safari zungumza na mwenye nyumba akubakizie chumba mpaka ndege iruke, mpe hela kidogo ya kukishikilia, na chukua namba ya bodaboda aliyekuleta. Ndege ikiahirishwa mtakuwa abiria wengi mnaotafuta vitanda vilevile.