Je, akili inaweza kuishinda chuki na kudura? Jibu kutoka soko la Toi

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba mwanzoni mwa mwaka 2008, katika ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ulifukuzwa katika shamba lako Bonde la Ufa, kwamba tangu uhamie Kayole hapa Nairobi kila biashara unayoianzisha haisimami, na kwamba sasa mwanao, ambaye wakati huo alikuwa hajazaliwa, anawatukana watu wa kabila la waliokufukuza kwa maneno yako mwenyewe. Umeuliza kama mtu anaweza kuitoa chuki kwa kufikiri, au kama yote haya, pamoja na chuki yenyewe, umeandikiwa. Waliotangulia kukujibu wamekuhimiza usamehe na usahau. Sina ugomvi nao, ila ushauri huo haumwambii mtu aanzie wapi, na aliyelala nje na wanawe hawezi kusahau kwa kuamriwa.

Mimi nilikuwa nikiuza viatu vya mitumba katika soko la Toi, pale kati ya Kibera na Adams, soko hilo lilipoteketezwa katika ghasia hizo hizo. Jirani yangu wa kibanda, mtu wa kabila jingine ambaye tulizoea kukopeshana chenji na kulindiana mali, alionekana amesimama pamoja na vijana waliokuja kuchoma. Miezi iliyofuata nilikuwa nikichukua viatu kwa mkopo soko la Gikomba na kuvitembeza mitaani, na usiku nilirudia kichwani yale ambayo ningemwambia siku tukikutana. Aliyewasha moto sikumjua, kwa hiyo sikuwa na namna ya kumchukia. Chuki yote ilimwendea jirani, ambaye uso wake niliufahamu.

Sasa tazama jinsi ulivyoandika swali lako. Kuhusu majirani zako unasema walitaka wenyewe, wangeweza kukataa lakini hawakukataa. Kuhusu nafsi yako unasema umeandikiwa, huna la kufanya. Yaani uhuru wote umewapa wao, na kudura yote umejitwika wewe. Nami nilikuwa hivyo hivyo, na nadhani hapo ndipo akili ina kazi ya kufanya, maana hesabu hiyo haiwezi kuwa sahihi kwa pande zote mbili. Ikiwa binadamu hufungwa na mambo yaliyomtangulia, basi na jirani alifungwa kwa kiasi fulani. Na ikiwa jirani alikuwa na nafasi ya kuchagua, basi nawe unayo.

Aliyelichambua jambo hili kwa makini kuliko wote ninaowajua ni Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi aliyetengwa na jumuiya yake ya Kiyahudi mjini Amsterdam mwaka 1656, akaishi kwa kusugua vioo vya lenzi hadi alipofariki mwaka 1677. Alieleza kwamba tunamchukia zaidi yule tunayemdhania kuwa alitenda kwa hiari tupu, bila kusukumwa na kitu, na kwamba kadiri tunavyoziona sababu zilizomsukuma, ndivyo chuki inavyopungua nguvu. Alisema pia kwamba chuki ikijibiwa kwa chuki huongezeka. Wala hakuwa mtu wa jiwe. Mwaka 1672 umati uliwaua wanasiasa wawili ndugu, wa ukoo wa De Witt, mjini The Hague, mji ule ule ambao sisi Wakenya tulikuja kuujua kwa sababu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na inasimuliwa kwamba Spinoza alishikwa na ghadhabu akataka kwenda kubandika bango la kuwalaani wauaji hadharani, mwenye nyumba wake akamfungia mlango asije akauawa naye. Habari hiyo hunipa moyo kuliko hoja zake, kwa sababu inaonyesha kwamba kuelewa si kutoona uchungu.

Mimi nilianza kwa daftari. Ukurasa mmoja niliandika yale niliyoyaona kwa macho yangu, mwingine yale niliyosikia, na wa tatu yale niliyoyajaza mwenyewe. Ukurasa wa tatu ndio uliokuwa mrefu. Kisha nikaanza kuuliza sababu. Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia hizo, ambayo katika ripoti yake ya Oktoba 2008 ilihesabu vifo 1,133, ilitaja dhuluma za ardhi za miaka mingi, vijana wasio na kazi, mamlaka yote kurundikwa kwa rais mmoja, wanasiasa wachochezi, na mazoea ya wakosaji kutoadhibiwa. Ukizisoma sababu hizo polepole, ukimfikiria kijana fulani aliyelipwa au kutishwa, hutamwona kuwa hana hatia, kwa kuwa alichofanya amekifanya. Lakini hasira haibaki tena imemlenga mtu mmoja. Inatawanyika kwa waliopanga, waliolipa na walionyamaza, na kwa kutawanyika inapoa kiasi cha mtu kuweza kulala.

Najua utaniuliza: kama kila jambo lina sababu zake, si ndiyo kudura hiyo hiyo? Wahenga walisema jitihada haiondoi kudura, na kwa yaliyokwisha kutokea wana haki, hakuna jitihada itakayorudisha vibanda vya Toi vya mwaka 2007. Lakini kuelewa nako ni sababu mojawapo miongoni mwa sababu. Mtu aliyelala ameelewa huamka tofauti na aliyelala akipanga kisasi, na siku yake huenda kwingine. Matumaini niliyo nayo yanasimama hapo tu, na sioni haja ya kuyakuza zaidi.

Nisikufiche kwamba akili peke yake ingeniishia. Soko lilipojengwa upya nilirudi, na yule jirani yangu naye akarudi, na wafanyabiashara wa safu yetu tukaanzisha chama cha kuweka akiba ambacho yeye alikuwa mweka hazina. Kumkabidhi pesa yangu kila jioni, na kuiona imeandikwa sawasawa, kulifanya kazi ambayo daftari halikuweza. Kama alisimama na wale vijana kwa hiari au kwa kuogopa, sijui hadi leo, hatujawahi kulizungumza. Wapo watakaosema huo ni unafiki. Mimi naona ni haki ya watu wawili wanaouza viatu safu moja.

Hati za shamba lako, kama bado unazo, zitunze na ufuatilie dai lako. Kuna watu watakaokwambia kwamba aliyeacha chuki hana tena cha kudai, na mara nyingi ni watu wenye faida katika jambo hilo.

Kuhusu kijana wako, ningeanza na zile kurasa tatu. Msimulie uliyoyaona, umwambie waziwazi ni yapi uliyoyasikia kwa wengine, na ukifika kwenye ukurasa wa tatu umsomee pia. Atakuuliza kwa nini jirani aliyekula kwenu Krismasi alikuja usiku ule na panga, na huenda ukalazimika kumjibu kwamba hujui, halafu mkae kulifikiria pamoja.