Lightroom inagoma kufungua katalogi baada ya umeme kukatika

Kaka futa faili la .lock tu, picha zako za harusi ziko salama maana katalogi, lile faili la Lightroom (programu ya kuediti picha) linalotunza kumbukumbu za picha na uediti wako, haibebi picha zenyewe. Lightroom Classic ikiwa wazi inaweka kifaili pembeni ya katalogi chenye jina lilelile ila kinaishia na .lrcat.lock, ukiifunga vizuri inakiondoa yenyewe, sasa umeme ukikatika ghafla na betri ya laptop imekufa kinabaki palepale, ukiwasha tena programu inadhani katalogi bado inatumika ndo inagoma. Hapa studio Mikindani laptop nyingi zinazoletwa na shida hii zinakuwaga na hicho kifaili tu.

Funga Lightroom kabisa, ikibidi risitati mashine, halafu ingia kwenye folda ya katalogi, kwenye Windows mara nyingi iko ndani ya Pictures, ukifute hicho kifaili cha .lock. Ila tafadhali sana usiguse .lrcat yenyewe, hiyo ndo katalogi na humo ndo kuna kazi yako ya kuediti, na ukikuta kinachoishia na -wal kiache pia kinaweza kuwa kimeshika mabadiliko ya mwisho. Mi ningekopi folda nzima kwenye eksteno (diski ya nje) kwanza kabla ya kufuta chochote.

Ikikwambia katalogi imeharibika hiyo ni habari nyingine, jaribu kuirepea inapokuuliza, ikishindikana angalia folda ya Backups hapohapo, chukua nakala ya karibuni, iko kwenye zipu, ifungue uiweke folda mpya usiibandike juu ya ile ya zamani