Mkuu, neva iliyokatwa na kioo haisubiriwi

Mkuu, weka kwanza vitamini pembeni. Umeandika kwamba wiki 5 zilizopita kioo cha dirisha kilikuchana upande wa ndani wa kiwiko, wakakushona ngozi, na tangu siku ile kidole kidogo na nusu ya kile cha pete vina ganzi, kuvitanua vidole huwezi. Unauliza umeze vitamini gani, ufanye mazoezi gani, na lini utarudi kwenye bodaboda, kwa sababu wamekwambia "neva inaota yenyewe, rudi baada ya miezi 6". Hiyo miezi 6 ndiyo itakayokula mkono wako. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo nikayafuata, na misuli ya kiganja changu haijarudi mpaka leo.

Ni kweli neva ya mkono inaota. Lakini wameishia nusu ya habari. Seli yenyewe iko huko juu, kwenye uti wa mgongo na pembeni yake, na bado iko hai. Kilichokufa ni kipande cha aksoni, yaani uzi mrefu unaotoka kwenye seli hiyo, kuanzia kwenye jeraha kwenda vidoleni. Kinavunjika na kusafishwa ndani ya wiki chache, jambo ambalo mtafiti Mwingereza Waller alilionyesha tangu 1850 kwenye neva za ulimi wa chura. Seli za Schwann, zile zinazoizunguka aksoni, zinabaki, zinajipanga mistari ndani ya ala (ganda la neva) ile ile ya zamani na kutoa kemikali za kuivuta aksoni mpya. Ncha ya aksoni inatambaa kwenye mistari hiyo kama milimita 1 kwa siku.

Yote hayo yanataka njia iwepo. Neva inavutika kama mpira. Ikikatika, kila ncha inarudi upande wake na pengo linajaa kovu. Aksoni zikifika pale zinakosa mstari wa kufuata, zinajisokota na kufanya kinundu ambacho ukikigusa unaruka kwa maumivu. Zikiachwa hapo, hazivuki.

Sasa piga hesabu. Kutoka kiwiko hadi misuli midogo ya kiganja ni kama sentimita 25 hadi 30, yaani siku 250 hadi 300, ongeza mwezi mmoja hivi wa kuvuka mshono. Ukishonwa neva wiki hii, aksoni zinafika karibu mwaka mmoja tangu uumie. Ukimaliza kwanza miezi 6 ya kusubiri, zinafika mwezi wa 16 au 17. Na msuli uliokaa bila neva miezi 12 hadi 18 unakuwa umesinyaa, umejaa nyuzi za kovu na mafuta, haupokei tena. Hisia za ngozi huvumilia zaidi, zinaweza kurudi kiasi hata ukichelewa. Nguvu ndiyo inayopotea. Tena kadiri unavyochelewa, ncha zinakuwa hazikutani bila kuvutwa, na neva iliyoshonwa ikiwa imevutwa haiponi vizuri. Inabidi wachukue kipande cha neva ya nyuma ya mguu kuziba pengo.

Kinachoniudhi ni kwamba sheria ya kusubiri ipo kweli, ila si ya jeraha lako. Ni ya neva iliyobanwa au kuvutwa ngozi ikiwa haijafunguka, mfano mfupa wa mkono wa juu umevunjika na kiganja kikalegea. Pale ala mara nyingi ni nzima, unaangalia hadi miezi 3. Mtu anaichukua sheria hiyo anambandika mgonjwa wa kioo, na hajafungua kidonda hata dakika moja kutazama! Kitu chenye makali pamoja na ganzi, neva hesabu imekatika mpaka daktari aione kwa macho kwamba ni nzima. Na wasikucheleweshe kwa kipimo cha umeme wa misuli, maana wiki hizi kinaonyesha tu kwamba msuli umekosa neva. Hakitofautishi iliyokatika na ambayo ala yake ni nzima. Ultrasaundi ikipata mpimaji mzuri inaweza kuzionyesha ncha zenyewe.

Leo usiku loweka vidole vyote kwenye maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 40, dakika 30. Pima joto kwa mkono ule usioumia, usijiunguze. Ngozi isiyo na neva haikunjamani, kwa hiyo kidole kidogo kikibaki laini wakati vingine vimekunjamana, piga picha. Kisha bana karatasi kati ya kidole gumba na cha shahada, mtu aivute. Gumba likijikunja kwenye kiungo cha mbele ili kuishika, piga picha hiyo pia.

Vitamini B haiungi neva iliyokatika, na B6 ikimezwa kwa wingi muda mrefu inaharibu neva zilizo nzima.

Kesho nenda hospitali ya rufaa yenye daktari bingwa wa upasuaji wa mkono au wa neva, na picha zako. Usiseme "nina ganzi", utapewa vidonge. Neva hiyo ya kidole kidogo inaitwa alna. Sema: "Nimekatwa na kioo kiwikoni, wiki 5, neva ya alna haifanyi kazi, naomba kidonda kifunguliwe neva itazamwe." Muulize pia kama anaweza kuhamisha tawi la neva ya jirani karibu na kifundo cha mkono, ili safari ya kwenda kiganjani iwe fupi. Wakikupa tarehe ya miezi ijayo, usiondoke hapo bila barua ya kwenda kwingine.