Shamba la Wakfu Likigombewa: Kwa Msaidizi wa Kisheria Anayeanza Kazi Mtwara

Mgogoro wa shamba la mikorosho lililotolewa kwa msikiti au madrasa huharibika pale unapoandika "marehemu alitoa" bila kuuliza alitoa vipi. Akiwa ameliweka wakfu angali mzima, shamba lilishatoka mikononi mwake, halimo kwenye mirathi. Akiwa ameusia lipewe msikiti akishafariki, huo ni wasia, na wasia hauvuki theluthi ya mali. Wakfu uliowekwa katika maradhi ya mauti nao huhesabiwa kama wasia.

Kwenye theluthi ndiko wanakokosea wengi. Haipigwi kwa idadi ya mikorosho, wala kabla ya kulipa madeni. Mali yote ikiwa ya shilingi milioni 12, maziko na madeni yakachukua 3, hubaki 9, na theluthi ni 3. Shamba likithaminiwa milioni 4, ile milioni 1 iliyozidi inataka ridhaa ya warithi. Iandikwe, kila mrithi mtu mzima atie sahihi au dole gumba. Mtoto mdogo hana ridhaa. Fungu lake lisiguswe.

Baada ya hapo fuata fedha. Tandahimba na Newala korosho huuzwa kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima cha kuuza mazao, na malipo huingia kwenye akaunti ya mkulima aliyeandikishwa. Mara nyingi aliyeandikishwa ni mtoto wa marehemu, kwa sababu ndiye anayepalilia na kupuliza salfa. Misimu inapita, naye anaanza kusema shamba ni lake. Stakabadhi ya AMCOS inaonyesha nani aliuza korosho, haithibitishi nani mwenye ardhi. Ilinganishe na daftari la mapato la msikiti, kisha wahoji majirani wa mpakani. Msicheleweshe: ukomo wa madai ya ardhi ni miaka 12.

Kijiji kikiwa na misikiti miwili, uliza marehemu alikuwa akiswali upi na mavuno yalikuwa yakipelekwa wapi. Waumini wasifungue kesi kwa jina la msikiti tu, itatupwa. Anayeshtaki ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Shamba likiingizwa kwenye mirathi, weka pingamizi katika shauri hilohilo, Mahakama ya Mwanzo. Baraza la Kata, tangu 2021, kazi yake ni kusuluhisha tu. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Omba nakala yake, usome mpaka kwa mpaka, maana shamba la wakfu huandikwa humo kwa jina la kitongoji tu, na asiyelijua hupita bila kuliona.