Mwanangu, kuhusu kile kikombe

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama miaka 2 ya JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, kwa kujitolea ina faida, au utapoteza muda tu, maana stashahada unayo na kazi huna. Matangazo yao yenyewe yanasema JKT haitoi ajira, inatoa mafunzo. Ingawa kila mtu anajua vyombo vya ulinzi vikitaka vijana huwa vinachungulia huko. Hayo umeshayasoma, sina la kuongeza.

Sisi hatukujitolea. Mwaka 1987 ukimaliza kidato cha sita ulikwenda kwa mujibu wa sheria, mwaka mzima, si hii miezi 3 ya watoto wa siku hizi. Mimi mtoto wa Tanga, nisiyejua sweta, nikatupwa nyanda za juu kusini mwezi wa saba. Filimbi saa kumi alfajiri, mchakamchaka gizani, mvuke unatutoka midomoni kama wavuta sigara. Halafu kwata, halafu jembe. Nimekwambia tangu uko mdogo: afande mkubwa kuliko wote ni njaa.

Wiki ya pili nikaibiwa kikombe. Kuruta asiye na kikombe hanywi uji, tena anaruka kichura kuzunguka uwanja kwa kupoteza mali ya umma. Usiku ule nikanyoosha mkono chini ya kitanda cha jirani, nikachukua chake. Alikuwa amekikwaruza herufi mbili kwa msumari. Nikaenda nacho chooni, nikazikwangua kwa jiwe mpaka rangi ikabanduka na bati likaonekana jeusi.

Ndiyo, ni kile kile kikombe cha kabatini kwetu. Ulipouliza lile kovu nilikujibu ni kutu.

Na jirani unamjua. Ni ba'mdogo wako wa Kigoma.

Asubuhi aliruka kichura mizunguko mitatu, mimi nimesimama na uji wa moto mkononi, namtazama. Alipomaliza akaja anahema, magoti yana vumbi, akaniambia, “Ndugu yangu, ukimaliza niazime.” Nikamwazima. Wiki tatu tukanywa kwa zamu, yeye akitangulia kila siku ya pili, mpaka alipopata kingine. Urafiki wetu ulianzia hapo. Siku ya harusi yangu alisimama kama msimamizi akawaambia watu, “Huyu aligawana nami kikombe chake nilipoibiwa.” Ukumbi ukapiga makofi, mama yako akalia. Hadithi hiyo nyote mmeikariri, kila Idi anaisimulia, nami kila Idi natazama sahani yangu.

Utasema ilikuwa njaa. Mimi mwenyewe nimejiambia hivyo miaka yote: afande mkubwa ni njaa. Lakini hapana, bwana. Jioni ile tulikula ugali na maharage, nilishiba. Nilichoogopa ni kichura mbele ya wale wasichana wa kombania ya pili. Kwa hiyo ilikuwa aibu, si njaa. Au vyote viwili. Sijui. Ila kama nisingeiba, nisingempata ndugu yule, na hilo nalo linanikera, kwa sababu linafanya wizi uonekane una baraka.

Sasa kwenda au kutokwenda? Mama yako anataka niseme usiende. Ulimi unaniwasha kweli kweli. Lakini una miaka 24, fomu utaijaza wewe, na magoti ni yako. Basi, nanyamaza.

Ukienda, beba soksi nzito, na kila utakachopewa kiandike jina kwa ndani, si kwa nje. Kile kikombe kiache kabatini. Ba'mdogo anakuja Jumamosi, na safari hii nataka nimtilie chai ndani yake, halafu nione kama nitaweza kufungua mdomo.

Baba yako