Kikao cha ukoo, Hesabu 27 na ng'ombe wa marehemu baba

Mkuu, umeuliza hivi: kama Biblia inamwambia mwanamke anyamaze na amtii mume, hao wanaodai inampa heshima wanaisoma ipi? Swali lako nimeshinda nalo siku mbili hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, katikati ya magunia ya dagaa. Sijasomea theolojia. Nitakujibu kwa yaliyonipata, maana hizo aya mimi nilisomewa usoni.

Baba alifariki 2009, mama alikuwa ameshatangulia. Aliacha mabinti watatu, nyumba Igoma yenye vyumba vya kupangisha, na ng'ombe 18 waliokuwa wakichungwa kwa baba mdogo upande wa Geita. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Matanga yalipoisha ukoo ukakaa kikao. Baba mdogo akasema nyumba ni ya ukoo, sisi ni watu wa kuolewa, mali itahamia kwa wenyewe. Na kwa kuwa alijua sisi ni watu wa kanisani, akatia na Neno: mwanamke kaumbwa awe msaidizi, Paulo kasema anyamaze, sasa ninyi mnadai nini mbele ya wanaume? Mzee wa kanisa aliyekuja kutufariji akawa anaitikia kwa kichwa.

Dada yetu mkubwa hakubishana. Akamwomba yule mzee Biblia yake, akafungua Hesabu 27, akasoma taratibu kama anasoma somo la Jumapili. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, binti za Selofehadi. Baba yao kafia jangwani bila mtoto wa kiume. Wanakwenda kusimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, wakuu na mkutano mzima, wanauliza kwa nini jina la baba yao lipotee eti kwa sababu hakuzaa mwanamume. Wanataka sehemu yao. Musa hana jibu, anapeleka shauri kwa Mungu, na Mungu anasema mabinti hao wamesema haki, wapewe. Nimekaa kanisani tangu utoto na sikuwahi kusikia mahubiri ya sura hiyo. Wewe umewahi?

Kikao kikaahirishwa. Hapo ungedhani tumeshinda. Baada ya wiki moja baba mdogo karudi, safari hii kashika Biblia yake mwenyewe, kapigia mistari kwa kalamu nyekundu. Alikuwa ameendelea kusoma! Akafungua Hesabu 36: wakuu wa ukoo walilalamika kwamba mabinti wale wakiolewa na kabila jingine, ardhi itatoka, ikaamuliwa waolewe ndani ya kabila la baba yao tu. Akaninyoshea kidole mimi, kwa sababu mume wangu ni Mkerewe, si Msukuma kama sisi. Na alikuwa sahihi, imeandikwa. Tena hata ile sura ya 27 inampa binti urithi pale tu ambapo hakuna mtoto wa kiume. Tungekuwa na kaka, andiko lile lisingetusaidia kitu.

Dada akamwambia amalizie sura. Akamalizia, sauti ikipungua, kwa sababu mwishoni wale mabinti wanaolewa na wana wa ndugu za baba yao. Dada akauliza kwa adabu zote, "Basi baba, tuolewe na wanao?" Kwetu Usukumani mtoto wa baba mdogo ni kaka yako, hilo ni mwiko kabisa. Shangazi akaangua kicheko mpaka kanga ikamdondoka. Hesabu 36 haikutajwa tena.

Nimekueleza haya yote kwa sababu tangu siku ile siamini mtu akiniambia "Biblia inasema" kuhusu mwanamke halafu akanisomea mstari mmoja. Kila mtu anachagua. Baba mdogo alichagua, sisi pia tulichagua.

Chukua hilo la msaidizi. Mwanzo 2 inasema "msaidizi wa kufanana naye", na neno la Kiebrania lililotumika pale ni ezer. Neno hilohilo ndilo la Zaburi 121, "msaada wangu u katika BWANA". Kama ezer maana yake ni mtu wa chini wa kutumwa maji, basi Mungu naye tumweke jikoni.

Kunyamaza, 1 Wakorintho 14. Sawa, ipo. Lakini katika barua hiyohiyo, sura ya 11, Paulo anaelekeza mwanamke afunike kichwa anaposali au kuhutubu. Huwezi kumpangia mtu mavazi ya kuhutubia kama hana ruhusa ya kufungua mdomo. Waefeso 5 kila mtu anaijua kuanzia mstari wa 22, wake watiini waume, ila wa 21 unaosema mnyenyekeane ninyi kwa ninyi, harusini husikii. 1 Timotheo 2 ni ngumu zaidi, sitakudanganya, pale anakataza mwanamke kufundisha. Halafu Matendo 18 unamkuta Priskila pamoja na mumewe wakimfundisha Apolo, mhubiri hodari. Walutheri wa KKKT wanabariki wachungaji wanawake tangu miaka ya 1990, Wakatoliki hawana kasisi mwanamke, na wote wanafungua kitabu kilekile.

Hata tafsiri nayo ina mkono wake. Warumi 16, Fibi wa Kenkrea anaitwa "mhudumu". Neno la Kigiriki ni diakonos, lilelile ambalo katika Wafilipi 1 limetafsiriwa "mashemasi". Kwa wanaume ni cheo, kwa Fibi ikawa kama anagawa chai.

Na Mithali 31, jamani. Kicheni pati zote nilizokwenda bibi harusi anasomewa habari za mke mwema, anayeamka alfajiri na kulisha nyumba. Mstari wa 16, ambapo anaangalia shamba na kulinunua, unarukwa. Wa 24, ambapo anashona nguo na kuziuza, unarukwa. Ukitaka kumwona yule mama, njoo hapa giza la mwezi likiingia, wakati dagaa wanavuliwa: taa yake haizimiki usiku, na bei ya ndoo anaijua kuliko mwenye mtumbwi.

Usidhani nataka kukufanya uone yote ni matamu. Walawi 27, mwanamume mwenye nguvu anakadiriwa shekeli 50, mwanamke 30. Amri ya kumi inamtaja mke kwenye orodha moja na nyumba, ng'ombe na punda wa jirani. Waamuzi 19, yule suria aliyetolewa nje kwa wahuni usiku kucha, tuliisoma kwenye umoja wa wanawake mara moja tu. Hakuna aliyeweza kuanzisha wimbo. Mama mmoja aliondoka akaenda kukaa kwenye ngazi za nje, nasi hatukumfuata. Sijui mhubiri gani ana maelezo ya sura ile yatakayonitosha.

Ila kilichotuokoa hakikuwa Biblia peke yake, na hapa wapendwa wenzangu watanikasirikia. Binamu mmoja alitukumbusha hukumu ya Mahakama Kuu hapahapa Mwanza, Februari 1990. Mwanamke wa Kihaya alirithi ardhi kwa wosia wa baba yake, akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo, mtoto wa ndugu yake akapinga kwamba kwa mila mwanamke haruhusiwi. Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inapingana na Katiba, mwanamke anauza kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Ukiitazama vizuri, hoja ya yule mpwa ndiyo hoja ya Hesabu 36, ardhi isitoke kwenye ukoo. Tukaenda Mahakama ya Mwanzo, dada akateuliwa msimamizi wa mirathi, baba mdogo akaweka pingamizi kisha hakutokea siku ya kusikilizwa.

Kwa hiyo binti zako wasomee Biblia, mkuu, lakini uwasomee na sura ya 27, na uwe tayari wakikuuliza ya 36. Najua utauliza tuliishiaje. Nyumba tulipata, kodi tunagawana watatu mpaka leo. Ng'ombe bado wako Geita.