Anza na 7500
Ndugu, umeomba filamu ya taharuki ndani ya ndege ya abiria, isiyo na milipuko mingi. Tafuta 7500 ya mwaka 2019. Karibu yote inatokea kwenye chumba cha marubani. Wewe na rubani msaidizi, Joseph Gordon-Levitt, mnawaona watekaji kupitia kiskrini kidogo tu, huku mlango ukigongwa bila kukoma. Mimi viganja vilitoka jasho! Jina lenyewe ni namba anayoingiza rubani kuwajulisha waongoza ndege kwamba ndege imetekwa.

Ukimaliza, kuna Non-Stop ya 2014, ya Liam Neeson. Hiyo ina vurugu zaidi, lakini Lupita Nyong'o yumo kama mhudumu wa ndege. Natamani wangempa nafasi kubwa zaidi.